Kitanda cha Dirishani

Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za kuoga. Katika nyumba ya wazee nilikoajiriwa mwaka 1986, mjini Lowell, jimbo la Massachusetts, wakaazi wa upande mmoja wa korido waliogeshwa Jumanne na wa upande wa pili Ijumaa. Kazi ilianza kabla hakujapambazuka, maana ikifika saa moja na nusu asubuhi kila mzee sharti awe amevaa, amechanwa nywele na yuko mezani. Waliamshwa, wakavuliwa nguo palepale vitandani, wakahamishiwa kwenye viti vya plastiki vyenye magurudumu na tundu katikati ya kikalio, halafu wakatandwa shuka kuanzia kifuani. Shuka hiyo ilifunika mbele tu. Migongo na makalio vilibaki wazi. Walisukumwa hadi koridoni wakapangwa foleni ukutani, wanawake kwa wanaume, wakingoja nje ya bafu ambalo mlango wake haukuwa ukifungwa.

Koridoni ndiko njia ya kila mtu. Alipita mpishi na toroli la maziwa, akapita mpiga deki, akapita fundi aliyekuja kutazama bomba la joto, wakapita wa zamu ya usiku wakienda kutia saini. Ndani ya bafu walikuwamo wafanyakazi watatu: mmoja wa kuvua shuka, mmoja wa kumwagia maji na kusugua, mmoja wa kukausha na kupaka poda. Mimi, kwa kuwa mgeni, niliwekwa kwenye kukausha. Mzee alipitia mikono ya watu watatu na asisikie jina lake likitajwa hata mara moja. Mazungumzo yalikwenda juu ya vichwa vyao: nani kagombana na mumewe, gari la nani limekataa kuwaka kwa baridi.

Hakuna aliyewachukia wale wazee, na nataka hilo lieleweke mapema. Wanawake haohao niliwaona wakinunua soksi kwa fedha zao kwa ajili ya mzee asiye na ndugu. Niliwaona wakibaki baada ya zamu, bila malipo, kumshika mkono anayekata roho. Kilichowatawala asubuhi ile kilikuwa saa ya ukutani, uchache wa mikono, na mazoea ya miaka mingi yaliyowafanya wauone mwili wa mzee kuwa ni kazi ya kumalizwa. Msaidizi mmoja alikuwa na wazee kumi au zaidi wa kuwaandaa kabla ya chai. Ukiwa na kumi, wa kumi humwoni tena.

Nilifika Lowell kumfuata mume wangu aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha pale. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo vilivyokwisha kufa, majengo marefu ya matofali mekundu yamejipanga kando ya mto Merrimack na mifereji yake. Wengi wa wazee wetu walikuwa wameitumikia mitambo ile tangu ujana wao: watu waliotoka Quebec, Wagiriki, Waayalandi, Wapolandi. Wenzangu wa kazi walikuwa wageni kama mimi, baadhi wa Puerto Rico na wengi Wakambodia, ambao miaka ile walikuwa wakimiminika Lowell kwa maelfu baada ya vita na utawala wa Khmer Rouge. Kazi haikuhitaji cheti. Nilipewa sare, nikaambiwa nimfuate mwenzangu kwa siku chache nitazame anavyofanya, kisha nikakabidhiwa wazee wangu. Wakati huo hapakuwa na sheria ya taifa zima iliyodai kwamba mtu afundishwe kabla ya kumgusa mgonjwa katika nyumba hizo.

Vyumba vilikuwa vya vitanda viwili au vinne, na sisi wafanyakazi tuliwataja wazee kwa vitanda vyao: wa mlangoni, wa dirishani. Bibi ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa wa dirishani. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufuma tangu msichana, masikio yake yameharibiwa na kelele za mitambo, na Kiingereza chake kimechanganyika na Kifaransa cha Quebec. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande wa kulia. Akili ilikuwa timamu kabisa. Kila siku ya kuoga aliukamata ukosi wa gauni lake kwa ule mkono wa kushoto uliobaki, na aliyejaribu kulivuta alifinywa, na akizidi kuvuta aliumwa meno. Kwenye faili lake liliandikwa neno la kumwita mkorofi wakati wa huduma. Msimu mmoja wa baridi yalianza mazungumzo ya kumpa dawa ya kumtuliza kila inapofika siku ya kuoga.

Hakuna aliyeuliza kwa nini analishika gauni. Mimi nililijua jibu siku nilipokaa kwenye kiti kando ya kitanda chake kumlisha uji, nikatazama alikokuwa akitazama yeye. Tulikuwa ghorofa ya chini. Dirisha lake lilielekea maegesho ya magari ya wafanyakazi, umbali wa hatua chache, na kitambaa kilichoning'inia dirishani kilikuwa chepesi hata mtu wa nje angeweza kuona umbo la aliye ndani taa ikiwashwa. Asubuhi za baridi kule Massachusetts ni giza, taa zinawashwa. Pazia la kuzunguka kitanda halikuwapo. Lilipelekwa kufuliwa tangu kiangazi na halikurudi. Alichokuwa akikataa bibi yule ni kuvuliwa nguo mbele ya watu wanaoegesha magari.

Nyumba ile haikukosa maandishi. Massachusetts ilikuwa na sheria ya haki za wagonjwa na wakaazi tangu mwaka 1979, na nakala yake ilitundikwa karibu na mlango wa kuingilia, jirani na orodha ya vyakula vya wiki. Ilimpa mkaazi haki ya faragha anapotibiwa na kuhudumiwa, kadiri ya uwezo wa nyumba husika. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomeza yote yaliyotangulia. Pazia limekosekana: uwezo. Watu ni wachache: uwezo. Mlango wa bafu hauwezi kufungwa kwa sababu kiti kimoja kinaingia kingine kinatoka: uwezo. Tangu wakati huo nimekuwa mwepesi wa kusoma mwisho wa sentensi katika kila karatasi ya haki.

Nililelewa Mji wa Kale, Mombasa, na mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakiitwa mtaani anapofariki mwanamke. Nilipokua alinichukua niwe wa kumwagia maji. Maiti hulazwa, ikafunikwa, na nguo alizofia zikatolewa chini ya hiyo shuka bila kuifunua. Baina ya kitovu na magoti hapaonekani tangu mwanzo hadi mwisho. Mwoshaji hujizungushia kitambaa mkononi, akaupitisha mkono chini ya shuka akaosha kwa kupapasa, maji yakimwagwa juu ya nguo, kulia kwanza kisha kushoto, maji ya majani ya mkunazi, na ya mwisho yana kafuri. Alichokiona mwoshaji kwenye mwili wa marehemu hakitoki nje ya kile chumba. Na chumbani hawaingii wa kutazama. Nakumbuka mama mkubwa akiwageukia jamaa wa marehemu waliojazana mlangoni: "Wa kuosha na wa kumwagia wanatosha. Nyinyi wengine nendeni mkasome."

Kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyosimama kwenye lile bafu la Lowell na taulo mkononi. Kwetu maiti asiyesikia baridi wala haya anasitiriwa kila kiungo. Hapa palikuwa na mama wa watu, anasikia, anaona, anajua mlango uko wazi, na amekaa uchi kwenye kiti chenye tundu huku mpiga deki akipita.

Kuna mtu mmoja niliyeweza kumwambia hayo. Alikuwa Mkambodia, amenizidi umri, nami nilimwita bong, kama wanavyomwita kwao dada mkubwa. Yeye aliniita oun, mdogo wake. Kwao wanawake huoga wamejifunga saruni, kama mama zetu walivyooga kisimani na kanga zao, wakabadilisha ya maji kwa kavu bila kubaki wazi hata kidogo. Sikuhitaji kumaliza sentensi. Tukapanga kuwaogesha wazee wetu pamoja, wake na wangu, mmoja ashike nguo na mmoja aoshe, na wale waliokuwa wakilia au kupigana tukawaogesha kitandani badala ya kuwapeleka foleni. Hatukuomba ruhusa. Kwa bibi wa dirishani tulitundika mashuka mawili kwenye reli ya pazia kwa pini za nepi, na dirishani tukabana blanketi.

Kumwogesha mtu kitandani bila kumfunua ni ufundi, na ufundi huo unajifunzwa. Maji yanapimwa kwa kiwiko. Blanketi jepesi la pamba linatandazwa juu ya shuka aliyojifunika mgonjwa, na upindo wake wa juu anapewa ashike mwenyewe, kwa mkono wowote ulio mzima. Akishashika, mkono wako unapita chini ya blanketi, unaikamata ile shuka na kuivuta taratibu kuelekea miguuni mpaka itoke yote. Gauni linatolewa kwa njia hiyohiyo. Uso ndio wa kwanza. Macho hayatiwi sabuni, yanafutwa kutoka puani kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Mkono mmoja unatolewa, unaoshwa, unakaushwa, unarudishwa ndani ndipo wa pili utolewe. Kifua kinawekewa taulo, na kitambaa kinapita chini ya taulo, hasa chini ya matiti ambako ngozi ya wazee huchubuka kwa jasho. Miguu, mmoja mmoja. Maji yanamwagwa na kuletwa mengine. Anageuzwa ubavu, na blanketi linafunuliwa mgongoni tu. Sehemu za siri zinakuja mwisho, na kama ana mkono unaofanya kazi unampa kitambaa aoshe mwenyewe, ukageuka ukangoja kwa muda atakaoutaka.

Siku ya kwanza nilipompa bibi wa dirishani ule upindo wa blanketi, aliushika kama alivyokuwa akiushika ukosi wa gauni. Aliyatazama mashuka yetu na pini zake, akatazama dirishani kulikobanwa blanketi, halafu akanitazama mimi. Nikaendelea. Tulipofika mwisho alijiosha kwa mkono wake wa kushoto, polepole sana, na akanirudishia kitambaa amekikunja. Hakunifinya siku hiyo wala siku nyingine. Wala hakumfinya bong. Wengine waliokuja siku zetu za mapumziko wakamvuta gauni kama zamani aliendelea kuwauma, na sikuona sababu ya kumlaumu.

Nesi msimamizi alitulalamikia kwamba tunachelewesha. Bong, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kichache kuliko changu na ujasiri wake mwingi kuliko wangu, alimjibu asimame na saa yake atupime. Akasimama. Kumwogesha yule bibi kwa njia yetu kulichukua muda mfupi kuliko kumwogesha kwa njia yao, kwa kuwa siku zote walipohesabu muda wa kuoga hawakuhesabu muda wa kupigana, wa kuita msaidizi wa pili na wa tatu, wa kumtuliza baadaye na wa kuandika ripoti ya mfanyakazi aliyejeruhiwa. Dawa ya kutuliza haikuzungumzwa tena juu yake.

Mabadiliko makubwa yalianzia mbali nasi, tena yalianzishwa na wakaazi. Mwaka 1975 mgonjwa wa kudhoofika misuli aitwaye Michael Smith, aliyeishi katika nyumba moja ya Denver, Colorado, alifungua kesi pamoja na wenzake. Walidai kwamba serikali inayozilipa nyumba hizo haijui wala haitafuti kujua watu waliomo ndani wanatunzwaje. Ukaguzi wa siku zile ulitazama kama nyumba ina vifaa, kanuni na makaratasi ya kuiwezesha kutoa huduma. Ulimtazama mkaazi mwenyewe kidogo mno. Smith alifariki kabla ya kesi kwisha, lakini mwaka 1984 mahakama ya rufaa iliamua kwamba serikali kuu inao wajibu wa kujua kama wagonjwa wanapata huduma iliyo bora. Mwaka mmoja baadaye muungano wa kutetea wakaazi ulioanzishwa na Elma Holder ulitoa ripoti iliyokusanya maoni ya wakaazi wenyewe, na hao walisema kinachowagusa zaidi ni namna wafanyakazi wanavyowatendea. Mwaka 1986 ikatoka ripoti kubwa ya Taasisi ya Tiba ya Marekani iliyotaka sheria zibadilishwe. Desemba 1987 Rais Reagan akatia saini, ndani ya sheria nene ya bajeti, kifungu kilichobadili maisha ya nyumba za wazee nchi nzima. Utekelezaji ukaanza Oktoba 1990.

Sisi wa chini tuliihisi sheria hiyo kwanza kwenye mafunzo. Msaidizi sasa alitakiwa apate saa zisizopungua 75 za kufundishwa na apimwe, na saa 16 kati ya hizo zitangulie kabla hajamkaribia mkaazi hata mmoja. Katika hizo 16 haki za wakaazi ni somo la lazima. Faragha ikatajwa waziwazi: katika matibabu, katika huduma za mwili, kwenye simu na barua, wakati wa kutembelewa. Sheria haikudai kila mzee awe na chumba chake, na hadi leo haidai. Lakini nyumba zilizoidhinishwa baada ya Machi 1992 zililazimishwa kuwa na mapazia ya kuning'inia darini yanayozunguka kitanda hadi, pamoja na kuta, kisionekane kabisa. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani zaidi. Mapazia yalikuja hata hivyo, mapya, na ndoano zake zote, wiki chache kabla ya wakaguzi.

Wakongwe wa kazi walichukia kurudishwa darasani. Mmoja alikuwa ameogesha watu kwa miaka mingi kuliko wote, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na moyo mzuri, na alikaa nyuma amekunja mikono. Mwalimu, nesi mtu mzima, akamwomba yeye ndiye alale kitandani awe mgonjwa. Akalala na sare yake yote, viatu tu ndivyo alivyovua. Mwalimu akamfunika shuka, akazungumza nasi mambo mengine, kisha bila kusema neno akaivuta shuka yote kwa mkupuo. Yule mama alijikunja akashika kifua chake kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa nguo kamili, mbele ya wenzake, wanawake peke yao. Alikaa kitandani muda, uso umemwiva, na hakuna aliyecheka. Kuanzia wiki iliyofuata alikuwa akibisha hodi hata kwenye vyumba vya wasiojitambua.

Wakaguzi nao walibadilika. Walikaa na wakaazi faraghani wakawauliza. Walisimama pembeni, kwa idhini ya mkaazi, wakatazama tunavyomhudumia: umebisha, umejitambulisha, umemweleza unachotaka kufanya, umevuta pazia, umefunua pale tu unapoosha? Foleni ya koridoni ilikwisha. Sitasema ilikwisha kwa sababu mioyo iligeuka. Ilikwisha kwa sababu ilianza kuandikwa kwenye ripoti ya kosa, na kosa lilikuwa na gharama. Mioyo mingine iligeuka baadaye, mingine haikugeuka, na kwa mzee aliyengoja kuogeshwa jambo kubwa lilikuwa mlango umefungwa.

Wanaume walisahauliwa muda mrefu zaidi. Watu walidhani mwanamume, hasa aliyepitia jeshi au kiwanda, hajali. Palikuwa na baba mmoja aliyewekewa mpira wa mkojo. Binti yake alikuwa mwema, alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, na kila mara muda wa kumsafisha baba na kuutazama ule mpira ulipofika aliachwa asimame palepale miguuni pa kitanda, kwa kuwa ni mwanawe, ni jamaa. Baba aligeuza uso ukutani. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya mzazi kuonekana uchi na mtoto wake. Nilimwomba binti anisubirie koridoni kwanza, akaenda bila kinyongo, na baba akageuza uso kutoka ukutani akaniuliza kama theluji imeacha kuanguka. Kujua kwamba faragha inawahusu hata jamaa, na kwamba anayepaswa kuulizwa ni mwenye mwili, kulichelewa sana kwenye zile nyumba. Vilevile swali la nani amwogeshe nani. Wako akina mama walioogeshwa na vijana wa kiume miaka na miaka kwa sababu tu ratiba ilipangwa hivyo. Wengine hawakujali, na wana haki ya kutojali. Waliojali hawakuulizwa.

Wagumu zaidi walikuwa wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, maana hao hawakujui, na mtu usiyemjua anapokuvua nguo utapiga kelele. Miaka mingi kelele hizo zilihesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Mwaka 2004 Philip Sloane wa Chuo Kikuu cha North Carolina, na wenzake akiwamo Joanne Rader wa Oregon, walitangaza matokeo ya utafiti wao katika nyumba 15 za wazee kwenye majimbo hayo mawili. Walilinganisha wakaazi waliooga bafuni kwa namna iliyofuata matakwa ya kila mmoja, wakiwa wamefunikwa na wamepashwa joto, na wale waliooga kitandani kwa taulo kubwa: taulo linaloweshwa maji ya moto yenye sabuni isiyohitaji kusuuzwa, linatandazwa juu ya mwili mzima, na mtu anasuguliwa juu ya hilo taulo. Wa bafuni, vitendo vya kupiga na kuuma vilipungua kwa asilimia 53. Wa taulo, asilimia 60. Ngozi zao zikawa nzuri zaidi, na vijidudu vya maradhi havikuongezeka. Nilisoma makala hayo wakati wa chakula cha mchana nikampigia simu bong, aliyekuwa amehamia California kwa mwanawe. Nilipomweleza lile taulo alicheka kwa furaha hadi akashindwa kusema.

Bibi wa dirishani hakuyaona hayo. Alifariki kwenye kitanda kilekile kabla ya mwaka 1990, usiku, na sisi wawili tuliomba tumwandae kabla ya watu wa mazishi kufika. Tulivuta mashuka yetu na pini zake. Dini yake si yetu, wala hatukutia la kwetu ndani yake. Tuliosha tu, chini ya blanketi.

Nilidhani, nilipokaribia kustaafu, kwamba vita vya macho vimekwisha. Kisha zikaja simu zenye kamera. Desemba 2015 shirika la habari la ProPublica lilichapisha visa vingi, nchi nzima, vya wafanyakazi wa nyumba za wazee waliopiga picha wakaazi wakiwa uchi, chooni, au wamejichafua, wakazisambaza kwa marafiki zao. Agosti 2016 idara ya serikali kuu inayosimamia bima za wazee ikaziagiza nyumba zote ziwe na kanuni ya kupiga marufuku picha za kudhalilisha, na ikawataka wakaguzi wazikague. Pazia la darini halizuii simu iliyo mfukoni mwa yule aliyelivuta. Hilo liliniuma kuliko foleni ya zamani. Waliopanga foleni walikuwa hawamwoni mzee. Hawa walimwona vizuri sana.

Sasa niko Mombasa, na mara mbili tatu kwa muhula naalikwa kwenye chuo kimoja kidogo kinachofundisha vijana utunzaji wa wagonjwa. Wengi wanataka kwenda Uingereza, Ghuba au Marekani. Wachache watabaki hapa, ambako nako kazi ipo. Katika wodi moja nilikomtembelea wifi yangu, reli za mapazia zilikuwa zimefungwa juu ya kila kitanda na pazia hakuna hata moja, na wifi zangu watatu walisimama wamenyoosha kanga kuzunguka kitanda huku dada yao akiogeshwa, mikono ikiwachoka wakabadilishana. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba ndivyo wanavyofanya kwao Kilifi pia, na akauliza afanye nini akiwa peke yake, zamu ya usiku, mgonjwa ni mwanamume, na hana hata kanga moja.

Nikamwambia blanketi moja linatosha kama anajua kulitumia, na mwanamume huyo aulizwe kwanza kama yuko radhi. Akikataa, atafutwe msaidizi wa kiume, na kama hakuna, apewe kitambaa ajioshe anapofika, yaliyobaki yangoje asubuhi isipokuwa amejichafua. Aliandika. Kisha akavua viatu akapanda kitandani, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kuwa mgonjwa, na mwenzake akampa upindo wa blanketi ashike.